Fulana Hufika Mei

Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kuwafikishia msaada waratibu wa chama kwenye makolini ya Burundi, yaani vijiji, yaliyo kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Kabezi kwenda kusini mpaka Rumonge. Chama sikitaji, kwa usalama wa wale ambao bado wako kule. Hakikuwa chama tawala, na hilo linatosha.

Kabezi penyewe kazi haikuwa ngumu sana. Bujumbura vijijini kuna mizizi ya zamani ya upinzani. 2010 chama cha upinzani FNL kilishinda huko uchaguzi wa makomini, yaani serikali za mitaa. Ugumu ulianza nikishapita Gitaza na Magara. Huko mratibu anaweza kuwa na watu kumi na wawili kolini nzima. Kiongozi wa nyumba kumi ni wa upande wa pili, yaani wa chama tawala. Shefu wa kolini ni wa upande wa pili. Anayeandika orodha ya mbolea ya bei nafuu, naye ni wa huko huko.

Mtu wa nje akisikia hivyo anafikiria kipigo. Kipigo kipo, lakini kinachommaliza mratibu ni vitu vidogo. Kuna daftari la kaya: kila nyumba inaandika majina ya wanaolala humo, na mgeni wa usiku mmoja naye anatakiwa aandikwe. Kwa hiyo giza likinikuta Minago, silali kwa mratibu wangu. Nikilala bila kuandikwa, yeye ndiye atakayeulizwa. Nikiandikwa, kesho wote wanajua nani alikuja na alitoka wapi. Nimelala mwaloni, juu ya nyavu, zaidi ya mara moja, wakati nyumba yake naiona pale.

Au chukua mchango wa uchaguzi, ule wa kuanzia mwisho wa 2017 mpaka ulipositishwa 2019. Kila kaya ilitakiwa kutoa franka 2,000 kwa mwaka, na mahali pengi stakabadhi iliulizwa hata mtu akienda sokoni. Waratibu wangu wengine hawakuwa nazo hizo franka. Niliomba makao makuu watusaidie. Nikajibiwa kuwa hiyo si shughuli ya chama. Mratibu ambaye hawezi kuingia sokoni hakutani na mtu, na mratibu asiyekutana na watu hana kazi anayofanya. Nililieleza hilo mara tatu, kwa mdomo na kwa barua.

Kilicholetwa ni fulana. Zilifika Mei, wiki chache kabla ya kura. Nilimpelekea fulana arobaini mama mmoja anayeuza samaki aina ya mikeke Rumonge, mratibu wetu wa wanawake. Aliifungua moja, akaikunja vizuri kama nguo ya mtoto, akairudisha kwenye gunia na kulisukuma nyuma ya madumu ya mawese.

"Kaka, hizi wapelekee wa mjini, ndio watakaozivaa," akaniambia. "Mimi nisaidie nipate meza. Yangu wameshampa mtu mwingine."

Meza ile ya sokoni aliipoteza wiki moja baada ya kuonekana kwenye mkutano wetu. Fedha za kumpatia nyingine hazikupatikana. Fedha za fulana zilikuwapo.

Kisha ikaja tarehe 20 Mei 2020: rais, wabunge na madiwani kwa siku moja. Mpango wetu wote ulikuwa umewekwa kwenye WhatsApp. Kila mandateri, yaani wakala wetu kituoni, angepiga picha karatasi ya matokeo iliyosainiwa na kuituma. Asubuhi ile WhatsApp, Facebook na Twitter havikufunguka nchi nzima. Tukaanza kupigiana simu za kawaida na kuandika tarakimu kwenye daftari la shule. Mandateri mmoja alitolewa kituoni kabla ya kuhesabu. Mwingine alibaki hadi mwisho, akanyimwa nakala. Usiku nilikuwa na tarakimu nyingi na karatasi chache sana.

Tarakimu za daftari hazina nguvu mahakamani. Chama cha upinzani CNL cha Agathon Rwasa kilipopeleka malalamiko yake, Mahakama ya Katiba iliyakataa mwanzoni mwa Juni, na ushindi wa urais wa Évariste Ndayishimiye wa chama tawala, CNDD-FDD, ukathibitishwa. Siku hizo simu za makao makuu ziliacha kupokelewa. Waratibu wakaendelea kunipigia mimi. Mmoja alikuwa amevuka ziwa kwenda Kongo kwa mtumbwi wa kuvulia ndagala, akiomba hela ya kula. Nilimtumia kidogo kwa Lumicash, huduma ya pesa kwa simu, kutoka mfukoni kwangu. Bajeti ya chama ilikuwa imefungwa pamoja na kampeni, na hicho ndicho ambacho sijakisamehe mpaka leo.

Juni 2025 CNDD-FDD ilichukua viti vyote 100 vya bunge vilivyopigiwa kura. Wengine waliuliza wapinzani wa pwani hii wamekwenda wapi. Hawajaenda mbali. Yule mama bado anauza samaki, sasa anawatembeza kwa beseni kichwani, kwa sababu meza hajapata.

Kura ya rais ni 2027. Wewe unayechangia chama kutoka Bujumbura, Brussels au popote, kama unataka mtu asimame kituoni siku hiyo, mlipie meza yake mwaka huu. Na uulize kwa jina nani atapokea simu yake baada ya matokeo.