Mbwa Wako Si Kichwa Ngumu, Ni Nyumba Yenu Haijakubaliana

Kuna maneno nimechoka kuyasikia kutoka kwa watu wenye mbwa: "Huyu anajua vizuri sana, ni ujeuri tu." Leo tuongee hiyo maneno.

Mimi nafuga pointa, anaitwa Chapo, ana miezi tisa. Kama hujui pointa, ni mbwa wa kutafuta ndege, asili yake Ulaya. Akinusa kwale kwa nyasi, harukii. Anaganda: mkia umenyooka, mguu mmoja wa mbele juu, pua imeelekea pale ndege amejificha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani 1977, na huku kwetu Njoro hakuna bunduki kwa hii stori. Kwale anaruka anaenda zake, Chapo anapewa kipande cha nyama, tunarudi nyumbani.

Sasa shida. Jumatatu anasimama kama sanamu. Jumanne, shamba lilelile, anakimbiza ndege mpaka barabarani. Alhamisi ni kuku wa jirani. Jirani akasema mara moja tu: kuku wake akifa, hatakuja tena kuongea. Na kila mtu wa mtaa anajua hapo ni sumu inazungumziwa. Fathe akanipa mwezi mmoja, la sivyo Chapo apewe mtu mwingine.

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu: mchape. Lakini fikiria. Mbwa amekimbiza kuku, umemwita, amerudi, halafu unamchapa. Amejifunza nini? Kwamba kurudi kwako ndiko kunauma.

Mimi nikachukua daftari. Kila siku niliandika saa, mahali, upepo, nani alikuwa naye, na nini kilifuata. Wiki mbili tu, na huo "ujeuri" ukaanza kuwa na sababu.

Kwanza, mahali. Neno "simama" ndani ya geti si "simama" ya shambani. Mbwa hujifunza neno pamoja na mahali alipolisikia. Wewe mwenyewe, hesabu unazopata ukiwa mezani kwenu, jaribu kuzifanya ndani ya matatu, muziki ukiwa juu. Kwa hivyo tukarudi nyuma: kamba ya mita kumi, mbali kabisa na kuku, halafu kidogo kidogo karibu.

Pili, hewa. Saa moja asubuhi kuna umande na harufu inakaa. Saa saba mchana jua limekausha kila kitu. Upepo nao ukitoka nyuma yake, harufu ya ndege aliye mbele haifiki puani. Anaweza kumkanyagia kwale bila kujua yuko hapo. Huwezi kumlaumu kwa habari ambayo hakuipata.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: watu. Mimi nasema "simama", fathe anasema "acha", shosho anasema "wewe!" Mdogo wangu naye, Chapo akikimbiza kuku, anacheka na kukimbia naye. Mara moja moja tu, lakini hiyo inatosha. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa panya na njiwa kwamba tabia inayolipwa mara moja moja huwa ngumu kuisha kuliko inayolipwa kila mara. Wale mabeste wako wa kubeti wanaijua hii vizuri. Hawashindi kila wiki, na ndiyo maana hawaachi.

Halafu kuna umri. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha utafiti kuhusu mbwa wanaoandaliwa kuongoza vipofu. Wakiwa na miezi minane walipuuza amri ya mtu anayewalea kuliko walivyokuwa na miezi mitano. Amri hiyohiyo ikitoka kwa mgeni, walitii. Na hiyo hali hupita. Tineja ni tineja, hata akiwa na miguu minne.

Basi tukaita kikao jikoni. Neno moja, nyumba nzima. Shosho akakataa "simama", akasema yeye ataongea na mbwa kwa Kikuyu. Sawa. Tukabandika karatasi kwenye friji: "RŨGAMA". Mdogo wangu akapewa kazi ya kushika nyama, na sasa yeye ndiye mkali kuliko sisi wote.

Mwezi umeisha wiki iliyopita. Chapo bado hajakamilika, na kamba bado iko shingoni. Lakini Jumamosi kuku wawili walipita mbele yake, shosho akasema neno moja kutoka kwa mlango, na mbwa akaganda. Jirani aliona. Hakusema kitu. Fathe pia hajasema kitu, ila jioni alirudi na gunia la chakula cha mbwa, lile kubwa.

Kabla umwite mbwa wako jeuri, uliza nyumbani kwenu: "kaa" inasemwa kwa maneno mangapi? Hesabu, halafu niambie hapo chini.