"Huku tuko wazima": filamu ya mama aliyebeba siri peke yake

Baba yuko mbali, kazini Berlin. Noeli inakaribia. Mama amebaki California na binti, mvulana, baba mkwe na mama wa kazi, Sybil. Ndivyo inavyoanza The Reckless Moment, filamu ya Marekani ya mwaka 1949.

Binti yake, Bea, amependa mwanaume aliyemzidi umri, mwenye tabia mbaya. Usiku mmoja wanagombana karibu na maji. Bea anampiga kwa tochi na kukimbia. Mwanaume anaanguka juu ya nanga, anakufa. Asubuhi mama huyo, Lucia Harper, anaikuta maiti. Hapigi kelele. Anaipakia kwenye boti na kwenda kuitupa mbali.

Lakini siri haikai. Anakuja mtu anayeitwa Donnelly, ameshika barua za mapenzi za Bea. Anadai dola 5000, la sivyo barua zitafika polisi. Lucia anatafuta mkopo, hapati. Anaweka rehani vito vyake, pesa haitoshi. Na nyumbani hapati hata dakika moja ya kukaa na mawazo yake: huyu anamwita, yule anauliza. Baba mkwe, asiyejua lolote, anamkaribisha Donnelly kama mgeni wa heshima.

Donnelly anaanza kumhurumia mama huyo, kisha anampenda. Mwishoni anamuua mwenzake aliyekuja kudai pesa kwa nguvu, anajitwika makosa yote, na anakufa.

Aliyeongoza filamu hii, Max Ophüls, aliyajua maisha ya kuhama. Alikuwa Myahudi. Alitoka Ujerumani mwaka 1933, akakimbilia Ufaransa, na vita ikamsukuma hadi Marekani mwaka 1941.

Labda ndiyo sababu filamu inaishia kwenye simu. Lucia yuko kitandani, analia. Baba anapiga kutoka Berlin. Lucia anashuka, anashika simu, watoto wamemzunguka. Anaongea habari za mti wa Noeli. Anasema mambo ni mazuri, ila wanamkumbuka sana. Watu watatu wamekufa, na mume hataambiwa.

Familia zilizotawanywa na vita zinaijua simu ya namna hiyo. Mama anasema "huku tuko wazima" ili aliye mbali apate usingizi. Akikujibu hivyo haraka, usikate simu. Muulize mara ya pili.