Fundi wa Keshero aliyepima pikipiki kwa magunia ya mchanga

KESHERO, GOMA – Ubishi ulianzia kwenye simu. Katika garaji moja ndogo ya pikipiki, kartiye ya Keshero, vijana walikuwa wameizunguka video ya Bugatti Veyron, gari la mbio lililotoka mwaka 2005 likiwa na nguvu za farasi 1001 na uzito wa kilo 1888. Motari mmoja akalipiga tangi la pikipiki yake, akasema: "Hata hii si mchezo. Aliyeniuzia aliniambia ina farasi 15. Watu watatu na mzigo, kilima inapanda."

Wengine walicheka. Fundi hakucheka. Wiki ileile motari huyo alikuwa ameanguka kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, akiwa amembeba mama mmoja aliyehama kutoka Masisi, mtoto wake wa miaka miwili, na furushi lenye karibu kila kitu walichobaki nacho. Freni zilikataa. Mtoto alichubuka magoti, sufuria ikapinda, maharagwe yakamwagika juu ya mawe ya lava. Hakuna aliyevunjika mfupa. Lakini motari alirudi garaji na neno moja: "Fundi, freni ulizonifungia ni mbovu."

Alikuwa amezifunga kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa na uhakika nazo. Hata hivyo usingizi ulimkimbia. Kama kosa lilikuwa lake, mtoto angeweza kufa kwa sababu ya kazi yake. Kama halikuwa lake, alitaka kujua lilitoka wapi. Asubuhi akamwambia motari: "Kaka, lete pikipiki tuipime. Kwanza uzito, halafu nguvu."

Magari ya mbio hupimwa kwenye mashine yenye mapipa ya chuma: gurudumu linazungusha pipa, na kompyuta inasoma nguvu inayofika chini. Keshero hakuna mashine hiyo. Kulikuwa na mizani ya depo ya maharagwe, mizani ya kuning'iniza ya muuza nyama, mpira wa maji ambao waashi hupimia usawa wa ukuta, na saa ya simu.

Walianza na mizani ya depo. Gurudumu la mbele likapandishwa juu yake, la nyuma likiwa juu ya ubao wa kimo kilekile, kisha wakageuza. Ukijumlisha namba mbili hizo unapata uzito wote. Kitabu cha pikipiki kilisema kilo 117. Mizani ilisema 134. Kilo 17 zilizozidi zilikuwa vyuma: vya kukinga miguu, na kubwa zaidi, keria ya nyuma. Keria hiyo fundi mwenyewe ndiye aliyeichomelea mwaka uliotangulia.

Halafu wakapima safari ya siku ile. Motari, kilo 63. Mama alikubali kuja na mtoto wake: yeye 54, mtoto 12. Furushi 37, kadiri lilivyoweza kufungwa tena. Jumla, pamoja na pikipiki, kilo 300 kamili. Kitabu kiliruhusu mzigo wa kilo 150, dereva akiwa ndani ya hesabu. Yaani kilo 267 kwa jumla. Motari alikuwa amezidisha kilo 33, na hakujua.

Kilichomnyamazisha fundi ni namba nyingine. Pikipiki ikiwa tupu, gurudumu la mbele lilibeba kilo 60 na la nyuma 74. Ikiwa na mzigo wote, la mbele lilibeba 82, la nyuma 218. Kati ya kilo 166 zilizoongezwa, 22 tu zilifika mbele. Na freni ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki. Gurudumu lisilokandamizwa vizuri na uzito huteleza upesi kwenye changarawe, hata plaketi zikiwa mpya.

Ikabaki nguvu. Neno "nguvu za farasi" lilienezwa na James Watt, Mskoti wa karne ya 18, aliyetaka wanunuzi waelewe mashine yake ya mvuke inachukua nafasi ya farasi wangapi. Kwa kilo na mita, hesabu yake ni nyepesi: farasi mmoja ni kuinua gunia la kilo 75, mita moja, kwa sekunde moja. Wengi huchanganya na herufi CV zilizoandikwa kwenye karatasi za gari. Hao ni farasi wa kodi, wanaohesabiwa kwa ajili ya malipo ya serikali, na si lazima walingane na nguvu ya injini.

Kwa mpira wa maji walipima kipande cha mteremko kutoka ziwani: mita 100 za njia, kimo kikipanda mita 12. Mama na mtoto hawakupandishwa tena. Nafasi yao na ya furushi ilichukuliwa na mchanga, uliopimwa kilo kwa kilo. Motari aliambiwa aingie kwenye kipande hicho na mwendo uleule atakaotoka nao, bila kuongeza wala kupunguza, ili saa isidanganye.

Walirudia mara tano. Kila mara ilikuwa karibu sekunde 12. Kilo 300 zilizopandishwa mita 12 ni 3600. Ukigawa kwa sekunde 12 unapata 300. Ukigawa kwa 75, ni farasi 4. Lakini injini hailipii kupanda tu, inalipia pia mawe na matairi. Kwenye sehemu tambarare waliivuta pikipiki, na mzigo wake wote, kwa mizani ya muuza nyama: ilihitaji kilo 9 ili iendelee kutembea. Kilo 9 kwa mita 100 ni 900. Kwa sekunde 12 ni 75. Farasi mmoja mwingine. Jumla, farasi 5.

"Na wale kumi wako wapi?" motari akauliza.

Baadhi yao hawakuwahi kuwepo. Kitabu chenyewe kiliandika kilowati 8, ambazo ni karibu farasi 11, zikipimwa injini ikiwa mpya na inazunguka kwa kasi yake yote. Halafu kuna Goma yenyewe. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1460 hivi juu ya bahari. Hapa hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Mnyororo na gia navyo vinakula sehemu. Fundi akafungua filta ya hewa: ilikuwa imejaa vumbi jeusi la volkano. Akaisafisha, akakaza mnyororo, akarekebisha kabureta. Siku iliyofuata mteremko uleule ulipandwa kwa sekunde 10. Farasi 6.

Motari alifurahi, lakini fundi alimwomba ashuke mteremko na mchanga uleule. Mara ya kwanza freni zilishika. Mara ya tatu zilinuka kuungua, na mkono wa freni ukakaribia kugusa usukani. Wakatoa kilo 37 za furushi, wakaacha freni zipoe, wakashuka tena mara tatu. Zilishika zote.

Hapo jibu lilipatikana, na halikumwacha mtu yeyote safi. Plaketi zilikuwa nzima. Motari alikuwa amepakia kupita kiasi. Lakini fundi naye alikuwa amechomelea keria iliyoalika mzigo huo, akafunga freni, na hakuuliza hata siku moja pikipiki itabeba nini. Alimwambia mama hivyo mbele ya wote, akaomba msamaha. Sufuria alikuwa ameshainyosha.

Anayesukuma chukudu hahitaji mizani. Mtu anayefanya kazi siku nzima hutoa karibu sehemu moja ya kumi ya farasi, na mlima unapoanza, kifua chake kinamwambia mzigo ni kilo ngapi. Motari amekaa juu ya injini. Anazungusha gesi, na uzito hausikii mpaka mteremko unapoanza kuudai. Ndiyo maana neno "inabeba tu" ni jepesi mdomoni mwa asiyesukuma.

Keshero inalijua neno hilo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na watu wengi walikufa huku ufuko ukionekana. Februari 2025, kambi za Bulengo na Lushagala zilipovunjwa, barabara ya Sake ilijaa familia zenye magodoro, bidoni na watoto, juu ya pikipiki na chukudu. Aliyehama hana mizigo midogo. Anabeba nyumba.

Na hapo mizani inaishia. Siku mama alipotaka kwenda tena, motari alimwambia: "Mama, safari hii wewe na mtoto kwanza. Furushi nitalirudia."

"Mwanangu, safari mbili ni pesa mara mbili. Nitaitoa wapi?"

Motari alitazama chini, akamtazama fundi. "Ya pili ni deni la maharagwe," akasema. Akaenda, akarudi, akachukua furushi. Siku hiyo mafuta yalimla sehemu ya faida, na hakuahidi kufanya hivyo kila siku.

Kwenye ukuta wa garaji sasa kuna namba nne zilizoandikwa kwa chaki: pikipiki 134, dereva 63, mwisho 267, na chini yake kilichobaki kwa abiria na mzigo wao: 70. Wamotari wengine huzicheka. Wawili wameomba pikipiki zao zipimwe. Na kila anayeleta freni zifungwe, fundi humuuliza swali moja kabla ya kushika spana: "Unabebaga nini?"