Mizani ya Bamkubwa

Duka la baba yangu mkubwa lilikuwa Ng'ambo, pale Tabora, mwanangu, chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa madebe yaliyokunjuliwa. Kabla hujamwona mwenyewe ulipokelewa na harufu: mafuta ya taa, dagaa wa Kigoma, sabuni ya mche, tumbaku ya kusokota, na nta ya nyuki ambayo warina asali wa Sikonge walimletea wapate chumvi na kaniki. Miaka ya hamsini, nikiwa ndio kwanza naanza shule, kazi yangu ya jioni ilikuwa kufunga sukari kwa karatasi za gazeti. Ndururu ilikupa chumvi ya kutia mboga siku kadhaa, senti kumi ilijaza koroboi mafuta, na mama aliyekuja na shilingi nzima ama alikuwa ameuza kuku ama ana msiba nyumbani. Watu walimwita Afande, kwa kuwa alipigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Alikuwa pande la mtu, mweusi ti, na sikio lake la kushoto lilikuwa limezibwa na mizinga. Ukimsemesha upande ule alikugeuzia uso mzima akakutazama midomo, na hata mtoto mdogo alijiona anasikilizwa.

Juu ya meza ya kuuzia palikaa mizani ya shaba ya sahani mbili, aliyoinunua kwa kiinua mgongo cha vita. Kila asubuhi aliipangusa, akasubiri mteja wa kwanza aingie, akamwonyesha sahani zikiwa tupu, zimelingana. Ndipo anauza. Alikuwa amefungua duka 1947, siku zile ambazo mwalimu mmoja kijana wa shule ya Mtakatifu Maria, aliyekuwa ametoka Makerere, alipita madukani Tabora kukagua bei kwa niaba ya serikali. Mwalimu yule aliiacha kazi hiyo alipoona taarifa zake za bei za udanganyifu hazifanyiwi kitu. Baadaye nchi nzima ilimjua: Julius Nyerere. Bamkubwa hakuchoka kulisimulia hilo, na chama cha TANU kilipofika mtaani kwetu yeye hakuhitaji kushawishiwa. Januari 1958 wajumbe walipojaa Tabora kwa mkutano ule wa TANU wa kura tatu, ule wa Uamuzi wa Busara, baadhi yao walikunywa chai barazani kwetu, nami ndiye niliyekuwa naosha vikombe.

Ya Burma aliyasema usiku tu, duka likishafungwa. Alikuwa katika kikosi cha 36 cha KAR (King's African Rifles), cha Tanganyika, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa begani alama ya kichwa cha kifaru. Walitoka Kilindini kwa meli wakapelekwa Ceylon kufunzwa vita vya msituni. Rafiki yake wa utotoni, aliyeingizwa kwenye mizinga, alifuata nyuma kwa meli ya Khedive Ismail. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Wajapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache na watu zaidi ya 1,200. Jina la rafiki huyo Bamkubwa hakulitamka mbele yetu hata mara moja. Alisema "yule wa Uyui" basi, akanyamaza, na sisi tukajua kwamba kwa usiku huo mazungumzo yamekwisha.

Lakini usiku mwingine aliendelea, na hapo ndipo ilipotoka habari iliyonieleza mizani ile. Katika msimu wa mvua wa 1944 waliingia bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Mvua ilinyesha mchana na usiku, barabara ikageuka tope la kufika magotini, ruba wakaingia hata kwenye matundu ya viatu, malaria na homa ya utitiri wa porini vikawaangusha watu wengi. Malori hayakupita. Chakula, risasi na dawa vilitoka angani tu, vikidondoshwa na ndege za Dakota. Hariri ya miavuli ilikuwa adimu, kwa hiyo Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14, aliagiza miavuli ya juti, ile ya magunia, itengenezwe Calcutta. Bamkubwa alikuwa akilishika gunia la chumvi dukani, analisugua kati ya vidole, anasema ndiyo hii, hiihii iliyoshuka na mchele wetu. Ndege ikikosa siku mbili kwa ajili ya mawingu, yeye ndiye aliyepewa kugawa kilichobaki. Watu wa makabila kumi, wenye bunduki mkononi na njaa tumboni, wanakutazama unavyochota. Alisema hajawahi kuogopa Mjapani kama alivyoogopa kupunja. Tarehe 2 Desemba waliingia Kalewa, na juu ya Chindwin likajengwa daraja la chuma la zaidi ya mita 350. Yeye alilivuka kwa miguu, amekonda, akiwa hai.

Duka lilimlisha na kutusomesha. Baada ya Azimio la Arusha wenye maduka walianza kutazamwa kwa jicho la mashaka, na 1976 ilipokuja Operesheni Maduka lake nalo likafungwa, watu wakatakiwa wanunue kwenye duka la ushirika. Hakulalamika mbele yetu. Alibeba mizani yake kichwani hadi duka la ushirika akaomba apime yeye, na wakamkubalia, na miaka ile ya baada ya vita vya Kagera, sukari ilipokuwa ya foleni na sabuni inakatwa vipande, alipima hivyohivyo, sahani tupu kwanza. Amri ile ilipolegezwa alifungua tena chumba chake. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, walimkuta na magunia mawili ya chumvi wakamchukua. Wanawake wa Ng'ambo walikwenda kwa makundi kusema kwamba chumvi ile iliuzwa mbele ya macho yao kila siku, na jioni akarudi. Mimi naona aliyemkamata hakuwa mtu mbaya, ila hakuwahi kununua kwake.

Alikufa 2011, umri umemkaribia tisini, macho yamekwisha lakini vidole bado vinajua uzito wa ratili. Miaka minane baadaye, 2019, zikatoka habari za nyaraka za kijeshi zinazoonyesha jinsi kiinua mgongo cha vita kilivyopangwa. Kwa kila mwezi wa utumishi, askari Mzungu wa cheo cha chini katika majeshi hayohayo ya Afrika Mashariki alipangiwa shilingi 10. Mwafrika wa cheo kilekile alipangiwa shilingi 3 na senti 50. Kwa fedha hiyo ndiyo Bamkubwa alinunua mizani ya shaba. Zile shilingi 6 na senti 50 za kila mwezi hakulipwa, wala watoto wake hawajalipwa.