Santuri kumi za Queen na kosa la mstari mmoja

Najua niliahidi sehemu ya pili ya somo la PHP na SQLite, na baadhi yenu mmeshaanza kuniandikia barua pepe kama watu wanaodai deni dukani. Itakuja, msijali. Leo nataka kuwaeleza kosa nililolifanya kwa kutumia sehemu ya kwanza ya somo hilo hilo, hapa nyumbani kwetu Mkomani, kosa ambalo lilinifanya nile chakula cha usiku kimya kwa wiki mbili huku mamangu akiangalia upande mwingine.

Marehemu babangu alikuwa baharia. Kati ya 1973 na 1984 alipanda meli Kilindini, akapotea miezi sita au minane, kisha siku moja tunasikia mlango. Safari za mwanzo alirudi nyumbani kwa lile daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa likielea juu ya maji tangu 1931, kabla ya hili la zege kufunguliwa 1980. Katika mzigo wake hamkukosekana santuri. Wenzake walileta Jim Reeves, baadaye Boney M. Yeye alishikwa na Queen, na hakuachwa.

Kwa vijana mnaosoma hapa: Queen walianza kutoa santuri Uingereza mwaka 1973, wakati mtindo wa glamu ulikuwa umepamba moto. Wanaume waliojipaka wanja, viatu vya visigino virefu, nguo za kumetameta. T. Rex, Slade, Sweet, David Bowie wa wakati ule. Queen waliingia kwa mlango huo huo, na nguo walizovaa jukwaani 1974 zilishonwa na Zandra Rhodes. Hata kabla ya santuri yao ya kwanza, mwimbaji wao alitoa moja ndogo peke yake mwaka huo wa 1973 kwa jina la Larry Lurex, akimtania Gary Glitter. (Lurex ni ule uzi wa kumetameta. Waulizeni mama zenu, wanaujua kutoka kwenye nguo za harusi.)

Na mwimbaji mwenyewe ni jirani yetu. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Babake alikuwa karani wa fedha katika mahakama ya serikali ya Kiingereza. Alipelekwa India kusoma, na familia ikahamia Uingereza baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Babangu hakuyajua haya alipokuwa akinunua. Aliyasoma gazetini Freddie alipofariki, Novemba 1991, akaliweka gazeti mezani na kusema, "Kumbe kijana wa hapo ng'ambo tu." Alifurahi na kuhuzunika kwa pamoja, na gazeti lile bado limo ndani ya sanduku.

Haya, sanduku. Mwaka jana paa lilianza kuvuja juu ya chumba zilimowekwa. Mnaoishi pwani mnajua unyevu wetu: hata bila mvua, kuvu hupanda kwenye kava za karatasi kama nyasi. Tukaongea kwa simu, mimi, dada yangu na ndugu yetu aliyeko Doha, tukakubaliana kwamba kwanza iandikwe orodha, kisha santuri zozote za ziada ziuzwe, pesa ziingie kwenye mabati. Kazi ya orodha ikaniangukia mimi, "mtu wa kompyuta". Nikasema kazi ya jioni moja.

Jedwali langu la kwanza lilikuwa na safu za jina, mwaka, namba ya kampuni, upande, wimbo. Kwa upande nikaruhusu herufi mbili tu, A na B. Nani asingefanya hivyo? Santuri ya pili niliyoishika, Queen II ya 1974, ikanikatalia. Haina upande A wala B. Ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. Nikaongeza hizo mbili kwa hasira.

Kisha nyimbo. Ya mwisho kwenye santuri ya 1973 ni kipande kifupi kisicho na maneno, Seven Seas of Rhye. Kwenye Queen II kuna Seven Seas of Rhye nyingine, nzima, inayoimbwa, na ndiyo iliyowapandisha kwenye chati kwa mara ya kwanza. Jina moja, rekodi mbili. Halafu kuna santuri ya 1974 iitwayo Sheer Heart Attack, na wimbo uitwao Sheer Heart Attack, lakini wimbo huo hauko kwenye santuri hiyo. Uko kwenye News of the World ya 1977, miaka mitatu baadaye! Mtu aliyeunganisha majedwali kwa majina (yaani mimi) anapata upuuzi mtupu.

Namba za kampuni nazo hazisaidii kupanga. Queen ya 1973 ni EMC 3006. Queen II ni EMA 767. A Night at the Opera ya 1975 ni EMTC 103. Nilipopanga kwa tarakimu, ya kwanza kabisa ikaja nyuma ya The Game ya 1980, ambayo ni EMA 795. Na msifikiri mambo yametulia kwa kuwa wenyewe wamezeeka: Oktoba 2024 ile santuri ya kwanza ilitolewa upya, ikachanganywa upya, ikarudishiwa wimbo Mad the Swine uliokuwa umeachwa nje 1973, na kuitwa Queen I. Baada ya miaka 51 imebadilishiwa jina. Niambieni mtaandika nini kwenye safu ya jina.

Nilikuwa nafurahi, sitawadanganya. Nilikaa hadi usiku wa manane. Kwenye Jazz ya 1978 nikasoma kwamba ilikuja na bango kubwa la wanawake uchi wakiendesha baiskeli, nikalitafuta ndani ya kava, hakuna. Nikamwuliza mamangu. Akajibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua: "Lilichomwa." Safu ya bango: halipo. Wimbo wa kwanza wa santuri hiyo ni Mustapha, wenye maneno yanayofanana na Kiarabu, na nakumbuka babangu akipunguza sauti kila ulipoanza, jirani wasije wakauliza ni kaswida gani hiyo yenye gitaa.

Hesabu ya mwisho: santuri kubwa kumi. Mbili kati yake zilikuwa A Night at the Opera, zote mbili za Uingereza, kava ya kufunguka, namba ile ile EMTC 103. Hot Space na Flash Gordon hazikuwemo. Ya mwisho The Works, 1984, mwaka aliotoka baharini. Zote zilizofuata, kuanzia A Kind of Magic ya 1986 hadi Made in Heaven ya 1995, kwangu ni mistari mitupu.

Sasa kosa. Nilikuwa nimefanya namba ya kampuni kuwa ufunguo wa jedwali, na orodha ya kuchapisha nikaitoa kwa DISTINCT. Kwa wasioandika programu: ni amri ya kusema nipe vitu visivyorudiwa. Mashine ikanipa tisa, na chini yake mstari niliouandika mwenyewe kwa majivuno: "Ziada: 1."

Alikuwepo mzee mmoja Mjerumani, mkusanyaji wa santuri, aliyekuwa amepanga nyumba Nyali msimu ule. Nikampelekea zote mbili achague. Moja ilikuwa imechakaa, kava imepasuka mgongoni, imejaa mikwaruzo. Nyingine ilikuwa safi kama imetoka kiwandani jana. Bila shaka alichagua safi. Shilingi 4,000. Nikaona nimefanya biashara ya maana, maana hiyo mbovu ndiyo tuliyoizoea masikio.

Siku ya tatu mamangu aliingia kupangusa vumbi.

"Ile isopigwa i wapi?"

"Ipi, mama?"

"Ile ya ami yako."

Nikamweleza kwamba zilikuwa mbili sawa, moja ikauzwa kama tulivyokubaliana. Akakaa kitandani.

"Mbili sawa kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoambiwa jambo ambalo lilikuwa nyumbani mwetu kabla sijazaliwa. Babangu alikuwa na mdogo wake wa pekee. Mwishoni mwa 1975 Bohemian Rhapsody ilikaa juu ya chati za Uingereza wiki tisa, na ami aliusikia kwenye redio ya mawimbi mafupi, wimbo wa dakika karibu sita ambao katikati yake kuna neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa chuoni hulisema kabla ya kutia mkono sahanini. Alidhani masikio yamemhadaa. Akamwandikia kakake barua: ukifika Ulaya, nitafutie. Babangu alinunua mbili Tilbury mapema 1976, moja ya nyumba na moja ya ami. Walirudi kwa Mfereji wa Suez, uliokuwa umefunguliwa tena mwaka uliotangulia. Alipotia mguu Kilindini akaambiwa ami alishazikwa, homa ya siku nne. Santuri yake haikuwahi kuwekwa chini ya sindano. Ndani, kwenye karatasi ya kufunikia, babangu alikuwa ameandika jina la nduguye kwa penseli pale pale dukani. Sikuwahi kuitoa santuri ndani ya kava. Niliangalia namba mgongoni, ikatosha.

Nitawaambia nilichofanya usiku ule, maana ndicho mtu wa kompyuta hukifanya anapoona haya: nilikwenda kusoma. MusicBrainz, ile hifadhidata ya muziki, hutenganisha kazi (utunzi), rekodi, toleo, na kundi la matoleo. Mimi nilikuwa nimevichanganya vyote kwenye jedwali moja. Lakini hata wao wanaishia kwenye toleo. Wakutubi walikuwa wameshafika mbali zaidi. Mwaka 1998 shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa ripoti iitwayo FRBR yenye ngazi nne: kazi, namna ilivyofanywa, toleo, na ya nne nakala yenyewe, hii uliyoishika, yenye doa la chai na jina la mtu. Mimi nilisimama ya tatu nikadhani nimefika.

Kisha nikaigeuza ile mbovu chini ya taa. Santuri za EMI za wakati ule zina alama ndogo kwenye duara laini katikati, karibu na karatasi ya lebo. Kuna tarakimu ya sahani mama, na kuna herufi za muhuri uliotumika kukandamiza plastiki. Herufi hizo ni namba kwa siri, kutoka neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, hadi D ambayo ni sifuri. Kwa hiyo RM ni muhuri wa 24. Santuri mbili za namba moja zaweza kuwa zimetoka kwenye mihuri tofauti kabisa. Yaani kiwanda chenyewe hakikuwa kikiziona kuwa kitu kimoja, na kiliandika hivyo kwenye plastiki ili mtu mwenye macho aone.

Yule mzee alikuwa ameshaondoka. Nikamwandikia nikimweleza yote, nikasema nitamrudishia pesa zake na gharama. Siku tisa kimya. Ya kumi ikaja barua kutoka Bremen, yenye picha mbili. Ya kwanza ni alama za katikati. Yetu iliyobaki ina GA, muhuri wa 13. Yake ina RLM, 284. Ya pili ni karatasi ya ndani, na mwandiko wa babangu, ile r yake inayoinama kama mtu anayesujudu. Mzee akasema alikuwa ameliona jina akadhani ni la mwenye duka. Hajaipiga bado, alikuwa akingoja sindano mpya. Hataipiga. Atarudi Nyali Januari na atakuja nayo mkononi, kwa sababu posta haiamini, na pesa hazitaki. (Tutazungumza kuhusu hizo pesa akifika. Mabati yameshanunuliwa.)

Nilimwonyesha mamangu picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaiangalia kitambo, akarudisha simu. "Januari tarehe ngapi?" Kuanzia siku hiyo tumerudi kuongea mezani.

Jedwali jipya lina mstari mmoja kwa kila santuri iliyo mkononi, hata zikiwa mia zenye namba moja. Nimeongeza safu tatu: herufi za muhuri, ya nani, na iko wapi. Msimbo nitauweka kwenye sehemu ya pili ya somo, pamoja na ule wa zamani, mcheke. Kwa sasa kwenye mstari wa ami safu ya mwisho inasema Bremen. Mamangu ameuliza kama mashine inaweza kuliandika hilo kwa wino mwekundu mpaka Januari. Nimemwambia inaweza.