Mvua Wasiyoiona Wageni wa Shela

Wageni wa Shela, kijiji chetu kisiwani Lamu, huja na kaskazi. Miaka ya 1980, nilipokuwa mtoto, tulijua msimu umeingia tukimwona ami yangu ameivuta mashua ufukoni, anazipaka sifa mbao zake na kushona tanga lililochanika. Siku chache baadaye ndege ndogo zilianza kutua Manda. Uwanja wa ndege uko kwenye kisiwa hicho cha ng'ambo, na vichochoro vya Lamu si vya magari. Kwa hiyo mgeni yeyote, awe na mali kiasi gani, alifika kwetu kwa chombo, viatu mkononi, akiteremka kwenye maji ya magoti. Ami aliwashika mkono mmoja mmoja mpaka mchangani. Mimi nilibeba mabegi kichwani.

Hoteli iliyojulikana wakati huo ni Peponi, iliyofunguliwa mwaka 1967 ukingoni mwa kijiji, ikitazamana na Manda. Ukishaipita, ufuko unaenda takriban kilomita 12, na nyuma yake matuta ya mchanga yamepandana, meupe, bila nyumba. Huo ndio utajiri ulioleta watu kutoka Ulaya na Nairobi. Kitanda kizuri wanacho kwao. Walichokosa ni kulala dirisha wazi na kuamshwa na adhana badala ya honi.

Halafu wakaanza kununua nyumba. Nyumba za mawe ambazo paa zilikuwa zimeanguka, mitini imeota ukutani na popo wamehamia, ziliinuliwa tena moja baada ya nyingine. Punda walipita kutwa na mizigo ya chokaa na mawe ya matumbawe. Mafundi waliitwa kuchonga upya zidaka za plasta, na boriti za mikoko zikarudi darini. Sitawasema vibaya walionunua. Bila fedha zao ufundi ule ungekufa pamoja na wazee, na vijana wengi wa rika langu walioa kwa ujira wa nyumba hizo. Mji wa kale wa Lamu ulipoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, bei zilikuwa zimeshapanda mpaka mtoto wa Shela hawezi tena kununua nyumba ya babu yake. Hilo nalo ni kweli, na linauma.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni maji. Katika nyumba ya bibi kulikuwa na birika la kuogea, limejengwa kwa mawe na chokaa pembeni mwa chumba, na ndani yake wanaishi samaki wadogo. Kazi ya samaki ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Ulichota kwa kata ya kifuu, ukajimwagia mabegani, na ulijifunza mapema kwamba kata tano zinatosha mtu mzima. Nikichota ya sita, sauti ya bibi ilitoka uani: "Mwanangu, waachie na wenzio." Alijua hesabu kwa kusikia tu.

Maji ya birika lile yalitoka matutani. Mvua inayonyesha juu ya mchanga wa Shela haitiririki kwenda baharini. Mchanga huinywa, ikashuka taratibu mpaka ikakutana na maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, basi huelea juu yake. Ukichota kwa ndoo, tabaka hilo hutulia. Ukitia pampu ikavuta usiku na mchana, chumvi hupanda, na kisima kikishaingia chumvi hakiponi upesi. Na visima hivyo havinyweshi Shela peke yake. Mji wa Lamu nao unategemea maji ya huku.

Sisi hatukuhitaji mtaalamu kutueleza mwisho wake. Ng'ambo, kisiwani Manda, kuna Takwa, mji uliokuwa na msikiti na ukuta, ukahamwa karne ya 17. Wazee wetu husema watu wake walivuka wakaja Shela, na katika sababu wanazozitaja mojawapo ni visima kugeuka chumvi. Pale pamebaki kaburi la mnara lenye mwaka unaolingana na 1681 au 1682, na watu wa Shela huenda kulizuru na kuomba mvua. Ami alinichukua. Tuliingia maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakipwa hori hukauka na chombo hulala kwenye tope la mikoko. Wazee walisoma dua, kisha tukaharakisha kutoka kabla maji hayajatukimbia.

Baada ya shule nilipata kazi katika nyumba moja ya kukodisha, yenye bwawa la kuogelea uani. Kila jioni niliongeza maji, maana jua na upepo wa kaskazi hulipunguza bwawa mchana kutwa. Mgeni mmoja, mama wa makamo, mpole sana, aliniuliza: "Hapa mvua hunyesha lini?" Nikamwambia: "Mwezi wa tano, mama, mkishaondoka." Alishangaa. Alikuwa amekuja Shela miaka mingi na hajawahi kuona tone. Masika yanapoanza na kusi kuchafua bahari, hoteli hufungwa, vyandarua hufuliwa na kukunjwa. Katika majuma hayo ya matope na nyumba tupu ndipo matuta hupokea maji ambayo wageni wataogea Krismasi.

Maisha bila wageni nayo tumeyaonja. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara, Septemba huko Kiwayu na Oktoba Manda, na mgeni mmoja aliuawa. Nyumba zilifungwa, mafundi wakarudi kuvua. Ulikuwa wakati mgumu, na simwombei mtu yeyote urudi. Wageni walirejea polepole, na kwa kweli tuliwahitaji.

Kwa hiyo neno langu si kwamba wasije. Matuta ya Shela yamehifadhiwa kisheria kwa ajili ya maji, na bado kila baada ya muda inazuka kesi ya mtu aliyepima kiwanja juu yake. Usinunue ardhi huko, hata ukionyeshwa hati yenye mihuri. Na ukikodi nyumba Shela, muulize mwenyeji wako maji ya bwawa yanatoka wapi. Akikwambia yanatoka kisimani, mwambie alifunge bwawa, kisha nenda ukaoge baharini.