Mbuzi au Kondoo? Jumapili za Kiingereza Mjini Guangzhou

Ukishuka kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Xiaobei, mjini Guangzhou, kusini mwa China, unaweza kudhani umekosea nchi. Utaona mabango ya Kiarabu na Kifaransa, ofisi za kusafirisha mizigo, maduka ya nywele bandia na vifaa vya simu, na migahawa ya halali inayonukia mchuzi wa kondoo. Zamani kidogo ilikuwa vigumu kupanda lifti bila kusikia Kiswahili. Siku hizi tumepungua, lakini bado tupo. Mimi na familia yangu tunaishi mitaa ya karibu, na kwa mwendo wa miguu tu tunafika Bustani ya Yuexiu. Katika bustani hiyo nilimfundisha Kiingereza binti wa jirani kwa muda wa mwaka mzima, na huko huko nikafunzwa jambo ambalo ningependa wazazi wenzangu walio ugenini walisikie.

Yuexiu ni bustani ya vilima, ziwa na miti mikubwa. Asubuhi na mapema wazee hufanya mazoezi, wengine hucheza dansi kwa redio ndogo. Juu ya kilima kimoja kuna sanamu maarufu ya mawe, ya wanyama watano, mmoja akiwa ameinua kichwa na shuke la nafaka mdomoni. Hadithi ya wenyeji ni kwamba hapo kale watakatifu watano walishuka wakiwa wamepanda wanyama hao, wakawapa watu mashuke ya nafaka ili mji usione njaa tena, kisha wanyama wakageuka mawe. Ndiyo maana Guangzhou huitwa pia Yangcheng, mji wa "yang".

Sasa "yang" ni nini? Siku ya kwanza nilimwuliza binti yule anielezee sanamu kwa Kiingereza. Akasema "five sheep", kondoo watano. Nikamwambia, mwanangu, tazama pembe na ndevu, hawa ni mbuzi. Akanishangaa. Kwa Kichina, "yang" ni mbuzi na ni kondoo pia. Ukitaka kuwatenganisha unasema "yang wa mlimani" au "yang wa pamba", lakini katika maneno ya kila siku "yang" peke yake inatosha. Kwetu mtoto wa miaka mitatu hawezi kuwachanganya mbuzi na kondoo. Tulicheka, na somo letu la kwanza la msamiati likaanzia hapo: neno la Kiingereza halikai juu ya neno la nyumbani kama kifuniko na sufuria yake. Mara linazidi, mara linapungua.

Nieleze tulivyofika hapo. Mama yake ni jirani yetu wa ghorofa moja. Binti alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari, na mbele yake kulikuwa na gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu. Mwaka 2024 waliojiandikisha kufanya mtihani huo nchi nzima walikuwa zaidi ya milioni 13. Jumla ya alama ni 750, na Kiingereza kina alama 150, sawa na Kichina na hisabati. Hapa mkoani Guangdong alama 20 kati ya hizo ni za kusikiliza na kuzungumza mbele ya kompyuta, zilizobaki ni za karatasi. Yeye alikuwa anapata tisini na kitu. Tangu mwaka 2021 serikali ilipobana biashara ya tuisheni, kumpata mwalimu wa ziada kumekuwa kugumu na ghali. Viza yangu mimi ni ya familia, hairuhusu kazi. Basi tukakubaliana kijirani: mimi nimsaidie binti Kiingereza kila Jumapili mchana, yeye na bibi yake wanisaidie mimi na mwanangu Kichina. Fedha haikutajwa.

Nilikuwa na wasiwasi. Kiingereza changu nilikipata sekondari kule Tanga, kwa chaki na viboko. Katika nchi hii watu wengi huamini kwamba mwalimu wa Kiingereza ni lazima awe mzaliwa wa Uingereza au Marekani. Nilimwambia mama yake wazi kwamba mimi Kiingereza nilikisoma, sikuzaliwa nacho. Akajibu, "Ndiyo vizuri, utajua mahali kinapouma."

Hakukosea. Wanafunzi wa China huanza Kiingereza darasa la tatu la shule ya msingi, au kabla. Wakifika mwisho wa sekondari wanatakiwa kujua maneno kama 3500. Asubuhi kabla ya vipindi husoma kwa sauti, darasa zima, kila mtu ukurasa wake. Ukipita nje ya ukuta wa shule utadhani ni madrasa siku ya kuhifadhi. Vitabu vingi vya maneno hupangwa kwa alfabeti, na neno la mwanzo karibu kila mwanafunzi analijua: "abandon", yaani kuacha au kutelekeza. Wanafunzi wenyewe hutaniana kwamba unafungua kitabu, unasoma neno la kwanza, unalitii, unakifunga.

Binti yule alikuwa hajakifunga kitabu. Tatizo lake lilikuwa kwamba maneno alikuwa nayo, lakini sentensi zilimkimbia. Nilipoanza kusahihisha daftari lake niliona makosa ninayoyajua, kana kwamba nasoma daftari langu la kidato cha pili.

La kwanza: alimwandika mama yake "he". Kwa Kichina cha kusema, "ta" ni mwanamume na ni mwanamke, maandishi tu ndiyo hutofautiana. Kwetu "yeye" ni hivyo hivyo. Baba watoto mpaka leo akizungumza na wateja kwa Kiingereza humwita mama mkwe wake "he".

La pili: aliandika "Although it rained, but we went." Kwa Kichina husemwa "suiran" huku na "danshi" kule. Na sisi je? "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda." Kiingereza kinataka kimoja tu kati ya viwili.

La tatu: nikimwuliza kwa Kiingereza kama hajala, alijibu "Yes", akimaanisha ndiyo, sijala. Nani kati yetu hajawahi kumchanganya Mzungu kwa jibu hilo?

Mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza angeweka alama nyekundu na kuandika sentensi sahihi. Mimi niliweza kumwambia kosa limetoka wapi. Binti hakuwa mvivu wala mzito. Alikuwa anafikiri kwa Kichina kilichonyooka, kisha anakivisha nguo za Kiingereza. Alipojua hivyo uso wake ulikunjuka. Akaanza kuyawinda makosa hayo mwenyewe kabla hajanipa daftari.

Pahali palipomsumbua zaidi ni nyakati za kitenzi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki. Jana kula, leo kula, kesho kula. Kuna kineno "le" cha kuonyesha kwamba jambo limekwisha tendeka, lakini hakilingani sawasawa na "ate" wala "have eaten". Nikamchorea katika karatasi: nilikula, ninakula, nitakula, nimekula. Nikamwonyesha kipande kimoja tu kinachobadilika katikati. "Nilikula" ni habari ya jana, imepita. "Nimekula" ni kwamba mpaka sasa hivi tumbo limejaa, usiniletee sahani. Akaikazia macho karatasi ile, kisha akasema kwa Kichina, "Kumbe 'have' ni 'me' yenu." Hailingani kila mahali, nilimwonya, lakini kwa kuanzia inatosha. Tangu siku hiyo, akikwama, alikuwa ananong'ona "li" au "me" kabla ya kujaza nafasi.

Mwanangu wa miaka tisa alikuwa akija nasi, akicheza kando. Anasoma shule inayofundisha kwa Kiingereza, na mwaka uliotangulia mwalimu mmoja alitushauri tuzungumze Kiingereza nyumbani ili asibaki nyuma. Tulimsikiliza. Nani asingemsikiliza? Mtoto akawa ananijibu kwa Kiingereza, na mimi nikaona ndiyo maendeleo.

Jumapili moja tulikuwa tunasoma kifungu cha habari kuhusu kijana aliyetembelewa na "uncle" wake. Binti akaniuliza, "Ayi, ni mjomba yupi?" Ayi ndivyo vijana wanavyowaita wanawake wa umri wa mama zao, na asili yake ni dada wa mama, yaani mama mdogo. Kwa Kichina kaka mkubwa wa baba ana jina lake, "bobo". Mdogo wa baba ni "shushu". Kaka wa mama ni "jiujiu". Nikamwambia nasi ni vivyo hivyo: baba mkubwa, baba mdogo, mjomba. Tumelingana neno kwa neno, na Kiingereza kinawatupa wote katika kapu moja. Alifurahi sana. Akamgeukia mwanangu akamwuliza kwa Kiingereza, taratibu, "Jiujiu mnasemaje katika lugha yenu?"

Nilikuwa nimelitaja neno hilo dakika moja iliyopita, lakini yeye alikuwa mbali na mpira wake. Akanitazama. Akasema, "Uncle." Binti akadhani hakuelewa, akauliza tena, katika lugha yenu. Mwanangu akainamisha macho, akasema kwa Kiingereza kwamba hajui.

Ana wajomba wanne. Mmoja alimbeba mgongoni siku nzima ya harusi ya dada yangu.

Usiku ule nilizungumza na baba yake. Hatukugombana na ushauri wa shule, tuliuweka pembeni tu. Kiingereza anakipata shuleni saa saba kwa siku. Kiswahili asipokipata kwetu hana pa kukipata.

Nikarudi Jumapili iliyofuata na njia moja ambayo niliitumia kwa wote wawili. Binti alikuwa akisoma kifungu neno kwa neno, kamusi mkononi, na muda wa mtihani ulikuwa unamwishia kabla ya kurasa. Nikamwambia: funga kamusi, soma aya nzima, kisha nisimulie kwa lugha ya nyumbani nani kafanya nini na kwa nini. Usipoweza kusimulia, hujaelewa, hata kama unajua kila neno. Nyumbani alikuwa akimsimulia bibi yake kwa Kikantoni, jikoni, bibi akikunja dampuling. Bibi hajui neno la Kiingereza, kwa hiyo alikuwa mtahini mkali kuliko mimi. Hadithi isipoeleweka, aliuliza, na mjukuu alirudi kwenye kitabu.

Mwanangu naye alikuwa akisoma ukurasa mmoja wa kitabu chake cha shule, kisha anampigia bibi yake Tanga na kumsimulia kwa Kiswahili. Sisi tuko mbele kwa saa tano, kwa hiyo jioni yetu ni mchana wao, na bibi anapatikana. Mwanzoni alisimulia sentensi mbili na kukata simu. Bibi naye mjanja, akawa anauliza, "Ehe, ikawaje?" Hakuna swali la mtihani linalolishinda hilo.

Kwa wazazi wenye vijana wanaohangaika na Kiingereza, au na lugha yoyote ya ugenini, haya ndiyo yaliyotusaidia. Neno jipya liandikwe ndani ya sentensi, na kando yake neno la nyumbani. Makosa yanayojirudia yaandikwe ukurasa wa nyuma wa daftari, pamoja na chanzo chake. Kusoma kuwe kidogo kila siku, hata nusu ukurasa, na kila kinachosomwa kisimuliwe kwa mtu asiyejua lugha ile.

Karatasi ya Kiingereza ya gaokao hufanywa tarehe 8 Juni, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja. Nilikwenda na mama yake kumsubiri nje ya geti. Jua lilikuwa kali, wazazi wamejaa na miavuli, akina mama kadhaa wamevaa magauni mekundu ya bahati njema, trafiki wanazuia pikipiki zisipige honi. Mwanangu aling'ang'ania kuja.

Watoto walipotoka, wengine walikuwa wanakimbia, wengine wanalia. Yeye alitembea polepole, akamshika mama yake mkono, kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili, "Ayi, nilimaliza."

Kabla sijafungua mdomo, mwanangu akadakia, "Siyo nilimaliza. Ni *nimemaliza*. Umetoka sasa hivi."

Matokeo yalipotoka alikuwa na 118. Si alama za kutangazwa gazetini, lakini zilimfikisha chuo alichokuwa anakitaka, hapa hapa mkoani. Jumapili bado tunakwenda Yuexiu. Sasa tunakaa chini ya wale mbuzi watano na zamu ni yangu: mimi ndiye ninayehangaika na Kichina, na mwanangu ndiye anayenicheka, kwa Kiswahili.